Mtoto wa Jicho Hayeyuki

"Daktari, kabla hujanipeleka huko altrasaundi, si uniandikie kwanza matone ya kumyeyusha huyu mtoto wa jicho?"

Hakuna kliniki ya macho ambayo swali hili halijafika. Huulizwa na mzee aliyetoka kijijini na basi la alfajiri, huulizwa pia na mwanawe mwenye shahada aliyeketi kando yake. Mmoja anatoa mfukoni kichupa alicholetewa na ndugu kutoka Dubai. Mwingine ameona tangazo kwenye simu. Wa tatu ameambiwa na jirani kwamba asali ya nyuki wadogo, tone moja asubuhi na moja jioni, itausafisha ule weupe kidogo kidogo mpaka uishe.

Jibu ni fupi. Dawa hiyo haipo. Hakuna tone, jani, asali, kidonge wala mafuta yaliyothibitishwa kumwondoa mtoto wa jicho kwa binadamu. Nalijibu kwa ukali kidogo kwa sababu anayeuliza, mara nyingi, ameshatumia miezi sita au mwaka mzima akidondoshea jicho kitu kisichosaidia, na wakati huohuo hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea nyuma ya weupe ule. Mboni iliyoziba humzuia mgonjwa kuona nje, na humzuia daktari kuona ndani. Tochi na lenzi zetu zote hugonga ukuta. Nyuma ya ukuta huo huenda retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga, ni nzima, na huenda imebanduka. Huenda kuna damu. Kwa mtoto mdogo, huenda kuna saratani. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nyuma ya weupe huu kuna nini? Altrasaundi ndiyo inayolijibu, kwa dakika chache, bila sindano na bila mionzi.

Lakini siwezi kuieleza altrasaundi kabla sijaimaliza hadithi ya matone, maana ndiyo inayowachelewesha watu.

Lenzi ya jicho imejengwa kwa maji na protini. Protini peke yake ni kama theluthi ya uzito wake, kiwango ambacho ni nadra kukikuta kwenye kiungo kingine chochote. Zilizo nyingi huitwa kristalini, na mpangilio wao ni wa karibu na wa sawasawa kiasi kwamba mwanga hupita bila kutawanyika. Lenzi haina mshipa hata mmoja wa damu. Nyuzi zilizo katikati yake ziliumbwa ukiwa tumboni mwa mama yako, na hazibadilishwi maisha yako yote. Miaka ikipita, au kisukari kikizidi, au jicho likipigwa, au dawa fulani zikitumika sana, protini hizo hupoteza umbo lake la asili, zinashikana na kuganda. Mwanga ukifika hapo hutawanyika. Huo ndio weupe tunaouita mtoto wa jicho.

Chukua yai lililochemshwa. Ute wake ulikuwa angavu, sasa ni mweupe na mgumu. Lidondoshee maji, asali au dawa ya bei yoyote, halitarudi kuwa bichi. Kilichotokea kwenye lenzi ni cha namna hiyo, tofauti ni kwamba moto wake ni wa miaka mingi.

Sasa lifuate tone lenyewe. Likidondoka jichoni, sehemu kubwa humwagikia shavuni au huchukuliwa na machozi kupitia kijishimo cha kona ya jicho na kushukia puani. Ndiyo maana dawa nyingine za macho unazisikia uchungu kooni. Kinachopenya konea, kioo cha mbele ya jicho, na kuingia ndani kwa kawaida hakifiki asilimia 5 ya dawa yote. Hicho kidogo kinakutana na maji ya mbele ya jicho yanayobadilishwa muda wote, kisha na mfuko unaoifunika lenzi pande zote. Anayekuambia kwamba mchemsho wa majani unapita njia hiyo yote na kwenda kuzifumua protini zilizogandana kwa miaka kumi, mwombe akuonyeshe jicho moja lililopigwa picha kabla na baada.

Wapo waliosoma zaidi, nao huja na hoja ya kisayansi. Wanataja lanosteroli. Ni kweli kwamba mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kemikali hiyo ilipunguza ukungu wa lenzi kwa mbwa na kwenye lenzi za sungura zilizowekwa maabara. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Kilichofuata hakikuzunguka. Watafiti wengine walizichukua lenzi za binadamu zenye mtoto wa jicho, wakaziloweka kwenye lanosteroli, na hazikung'aa. Mwaka 2019 kundi jingine lilirudia jaribio la aina hiyo na kemikali za jamii ileile, likaeleza wazi kwamba zimeshindwa. Utafiti unaendelea na mimi nautakia heri, lakini hakuna chupa ya lanosteroli unayoweza kununua leo yenye ushahidi wa kumponya binadamu.

Wengine wanataja matone ya asetili-kanosini, yanayouzwa sana mtandaoni. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalopitia ushahidi wa tiba mbalimbali duniani, lilitoa tathmini kuhusu matone hayo. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Andrew Bastawrous, daktari wa macho aliyefanya utafiti mkubwa wa upofu huko Nakuru, Kenya. Walitafuta majaribio yenye viwango vya kuaminika. Hawakupata hata moja la kuingiza kwenye tathmini. Bidhaa imeuzwa miaka na miaka, na hakuna jaribio hata moja lililofaulu mtihani wa kuingizwa kwenye hesabu.

"Lakini mama yangu alitumia akapona." Sentensi hii naiheshimu, kwa sababu anayeisema hadanganyi. Aliona kitu. Tatizo ni namna anavyokieleza, na maelezo ya kweli yapo manne.

La kwanza, lenzi inapoanza kuwa ngumu katikati, nguvu yake ya kuupinda mwanga huongezeka. Bibi aliyekuwa hawezi kusoma Kurani au Biblia bila miwani anajikuta siku moja anasoma bila miwani. Familia inashangilia, na dawa aliyokuwa akitumia wiki hiyo inapata sifa. Kumbe hiyo ni hatua ya ugonjwa wenyewe kukua. Mwulize anaonaje mlango wa jirani ng'ambo ya barabara, atakwambia umefifia kuliko zamani.

La pili, yapo matone yanayopanua mboni. Weupe ukiwa katikati ya lenzi tu, mboni ikipanuka mwanga hupita pembeni, na mgonjwa huona vizuri kwa saa kadhaa au siku chache. Lenzi yake iko vilevile. Kwa mtu ambaye sehemu ya mbele ya jicho lake ni nyembamba, kupanua mboni kiholela kunaweza kuziba njia ya maji ya jicho, na presha ya jicho ikapanda ghafla.

La tatu ndilo linalonitia hofu kuliko yote: matone ya steroidi. Yanauzwa maduka ya dawa bila cheti, wakati mwingine kwenye kichupa kisicho na jina, na wakati mwingine yamechanganywa ndani ya kile kinachoitwa dawa ya asili. Wekundu hupotea, mwasho hutulia, jicho linapendeza. Ndani, presha ya jicho inaweza kuanza kupanda bila maumivu yoyote, na mshipa wa fahamu wa jicho ukafa nyuzi kwa nyuzi. Hiyo ni glaukoma, na kilichopotea kwa glaukoma hakirudi. Tena steroidi ikitumika muda mrefu yenyewe humleta mtoto wa jicho. Mtu amenunua ugonjwa aliokuwa anaukimbia na akaongezewa mwingine mbaya zaidi.

La nne ni nadra lakini huzaa ushuhuda wenye nguvu. Lenzi iliyokomaa kupita kiasi huweza kukatika nyuzi zinazoishikilia, ikaanguka nyuma ndani ya jicho. Asubuhi moja mtu anaona mwanga na sura za watu. Kijiji kizima kinaenda kwa mganga aliyempa dawa. Kwenye altrasaundi lenzi hiyo tunaikuta imelala chini ya jicho, ikihama mgonjwa akihama. Inaweza kuvuja, kuleta uvimbe mkali na kupandisha presha. Huko Afrika Magharibi wapo wanaoisukuma lenzi makusudi kwa sindano ili ianguke hivyo, na macho mengi yaliyofanyiwa hivyo huishia kupofuka.

Sijasema bado juu ya mkojo, maziwa ya mama, utomvu, na majani yaliyotafunwa na kutemewa jichoni. Mwaka 1994 madaktari Yorston na Foster walichapisha utafiti wao kutoka Tanzania uliohusisha dawa za kienyeji na vidonda vya konea. Wenzao wa Malawi nao walikuta madhara ya aina hiyo. Mkojo unaweza kubeba vijidudu vya kisonono, na kisonono huweza kuitoboa konea kwa siku chache. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Sasa jicho lina weupe mbele ya weupe, na hata upasuaji wa lenzi ukifanikiwa mgonjwa ataangalia kupitia kovu.

Na hata ukitumia kitu kisicho na sumu, kusubiri kwenyewe kuna gharama. Mtoto wa jicho aliyeachwa mno huvimba na kuziba njia ya maji ya jicho, au huyeyuka kwa ndani na protini zake zikavuja. Ndiyo, hapo kweli kitu kimeyeyuka, na matokeo yake ni jicho jekundu, kichwa kinachopasuka, kutapika, na presha inayoua mshipa wa fahamu kwa siku chache. Wanaosema lazima usubiri aive kwanza wanarudia ushauri wa upasuaji wa zamani, kabla lenzi za bandia hazijawa jambo la kawaida. Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949. Siku hizi tunampasua mtoto wa jicho pale anapokuzuia kufanya kazi zako.

Hadithi ya matone naifunga hapo. Sasa tuingie ndani ya jicho.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mashine wanayoijua kwa wajawazito inaweza kuwekwa jichoni. Hilo si jambo jipya. Mundt na Hughes, huko Marekani, walichapisha vipimo vya uvimbe wa ndani ya jicho kwa mawimbi ya sauti mwaka 1956. Arvo Oksala wa Finland akafuata mwaka 1957, na mwaka 1958 Baum na Greenwood wakaonyesha namna ya kupata picha. Mwanzoni mgonjwa alilazimika kuwekewa maji juu ya jicho. Mwaka 1972 Nathaniel Bronson alileta kifaa cha kushika mkononi kinachowekwa juu ya kope, na hicho ndicho babu wa vifaa tunavyotumia sasa.

Mgonjwa hulala au huegemea kiti. Hahitaji kufunga kula wala kujaza kibofu. Anafumba macho, tunapaka jeli juu ya kope, kisha tunaweka kifaa taratibu. Sauti inayotoka humo haisikiki, maana ni ya mitetemo milioni 10 hivi kwa sekunde, wakati ile ya tumbo hutumia kati ya milioni 2 na 5. Mitetemo ikiwa mingi zaidi picha huwa kali zaidi lakini sauti haifiki mbali. Jicho halihitaji umbali, urefu wake kwa mtu mzima ni kama milimita 23.5 tu. Ipo hata mashine ya mitetemo milioni 35 hadi 50, inayochora sehemu ya mbele ya jicho kwa undani wa ajabu lakini haipiti milimita 5 hivi.

Sauti ikikutana na mpaka wa vitu viwili tofauti, sehemu yake hurudi. Mashine inapima imerudi baada ya muda gani na ikiwa na nguvu gani. Ute ulio katikati ya jicho ukiwa mzima haurudishi kitu, kwa hiyo kwenye skrini ni weusi mtupu. Chochote kinachoonekana ndani ya weusi huo kina maelezo yake.

Hapa ndipo mpimaji mzuri anapotofautiana na anayebonyeza picha na kuituma. Picha iliyosimama haitoshi. Tunamwambia mgonjwa atazame juu, chini, kulia, kushoto, kisha atulize macho ghafla. Damu iliyomwagika ndani ya ute huzunguka na kuendelea kuzunguka hata jicho likishatulia. Utando wa ute ulioachia kwa sababu ya uzee hupepea mwepesi na mwangwi wake hupungua tukipunguza nguvu ya mashine. Retina iliyobanduka ni habari nyingine: ni mstari mng'avu, mwendo wake ni mzito, na hata ikibanduka yote haiachii pale unapotokea mshipa wa fahamu. Kwa hiyo huchora umbo la faneli, ncha yake ikiwa nyuma na mdomo wake mbele. Tando hizi mbili, ule wa ute na wa retina, zinafanana kwenye picha moja iliyoganda. Kwenye mwendo hazifanani. Kuzichanganya ni kumpeleka mtu nyumbani wakati alitakiwa chumba cha upasuaji, kwa sababu retina inayobanduka ikifika katikati, pale tunaposomea, kila siku inapunguza kiasi cha uoni kitakachorudi.

Tabaka lililo chini ya retina nalo hubanduka, hasa baada ya presha ya jicho kushuka ghafla. Lenyewe huinuka kama vilima viwili vinene vinavyokaribiana katikati na visivyotikisika sana, kwa hiyo mpimaji aliyezoea hatalichanganya na retina.

Mwenye kisukari anayelala anaona na kuamka haoni, mara nyingi ametokwa na damu ndani ya jicho. Hapo altrasaundi ndiyo inayoamua mwendo: retina ikiwa imelala mahali pake tuna nafasi ya kusubiri damu inyonywe huku tukitibu, ikiwa inavutwa na kovu karibu na katikati, hakuna kusubiri. Wagonjwa wa selimundu nao huingia kundi hili, na wengi ni vijana.

Fundi wa kuchomelea au mpasua kuni aliyerukiwa na kipande cha chuma huonyesha doa linalong'aa sana na kivuli cheusi nyuma yake. Eksirei au sitiskani huonyesha chuma vizuri zaidi, lakini altrasaundi hueleza hali ya retina inayokizunguka. Mtu huyo asiingizwe kwenye mashine ya MRI kamwe kabla chuma hakijatolewa, maana sumaku itakisogeza ndani ya jicho. Na jicho lililopasuka waziwazi lisikandamizwe na kifaa chochote. Lifunikwe kwa kikinga kigumu, mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji.

Kisha mtoto mdogo. Hapa naomba kila mzazi, bibi na mwalimu wa chekechea asome mara mbili. Weupe unaong'aa kwenye mboni ya mtoto, aghalabu ukionekana kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya kamera, au makengeza yaliyoanza hivi karibuni, ni dharura. Huenda ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa, ambaye naye anahitaji upasuaji mapema ili ubongo ujifunze kuona. Huenda ni retinoblastoma, saratani ya retina, ambayo kwa kawaida huwapata walio chini ya miaka 5. Altrasaundi huonyesha uvimbe wenye chembe za chokaa ndani yake, ziking'aa na kutupa kivuli, na chokaa hiyo ni ushahidi mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukihusisha zaidi ya watoto 4,300 kutoka nchi 153, ulikuta kwamba katika nchi zenye kipato cha chini karibu nusu yao saratani ilishatoka nje ya jicho walipogunduliwa. Katika nchi tajiri walikuwa asilimia 1.5. Ugonjwa ni uleule. Nchi tajiri walikuwa wakigunduliwa wakiwa na takriban miezi 14, nchi maskini miezi 30. Kati ya umri huo na huu ndiko yanakokaa matone, asali na ushauri wa kusubiri akue.

Kazi nyingine ya sauti ni kupima urefu wa jicho kabla ya upasuaji ili tuchague nguvu ya lenzi ya bandia. Kosa la milimita 1 humwachia mgonjwa hitilafu inayokaribia dayopta 3, yaani atoke kwenye upasuaji safi na bado ahitaji miwani minene. Mashine za mwanga hupima vizuri zaidi, lakini mtoto wa jicho akiwa mzito mwanga haupiti, na hapo tunarudi kwenye sauti. Hii ni hasara nyingine ya kuchelewa.

Sasa mipaka yake, kwa sababu tayari naona watu wakianza kuidai kwa kila kitu. Altrasaundi haipimi presha ya jicho, na glaukoma haigunduliwi nayo. Glaukoma inahitaji kipimo cha presha, kuangalia mshipa wa fahamu na kupima upana wa kuona. Haikupi namba ya miwani. Haioni mabadiliko madogo ya katikati ya retina, hayo ni kazi ya mashine ya OCT na kamera, pale jicho linapopitisha mwanga. Jicho likiwa angavu, daktari aliyepanua mboni na kuangalia kwa macho yake anaona mengi kuliko altrasaundi.

Na haiyeyushi kitu. Kuna mkanganyiko unaozaliwa na upasuaji uitwao fako. Charles Kelman wa Marekani aliuleta mwaka 1967 baada ya kuona kifaa cha daktari wake wa meno kinachosafisha kwa mitetemo. Sindano nyembamba inayotetema kiasi cha mara 40,000 kwa sekunde huingizwa ndani ya jicho, inaivunjavunja lenzi na kuivuta nje, kisha lenzi ya bandia inawekwa. Huo ni upasuaji kamili, wenye ganzi na kikato. Kifaa kinachowekwa juu ya kope kuchukua picha hakifanyi hivyo na hakiwezi. Nguvu yake kwa jicho imewekewa kikomo cha chini kuliko kwa viungo vingine, na ndiyo maana mashine ya tumbo ikitumika jichoni lazima iwekwe kwenye mpangilio wa macho. Muulize anayekupima kama ameuweka. Una haki ya kuuliza.

Basi ufanyeje? Kwa haraka.

Ukiona ukungu unaokuja polepole bila maumivu, nenda kliniki ya macho ya wilaya. Kipimo cha kuona, presha na mboni ni cha siku moja. Kama mtoto wa jicho amezuia kazi zako, upasuaji wa kikato kidogo bila mashine ya fako hutoa matokeo mazuri sana na gharama yake ni ndogo. Usijinyime kwa kusubiri fako.

Ikiwa weupe ni mzito kiasi kwamba daktari haoni ndani, uliza kama altrasaundi itafanyika kabla ya upasuaji. Pasipo na mashine, angalau ipimwe kama jicho linajua mwanga unatoka upande gani, na mboni ziangaliwe kwa tochi zinavyojibu. Zisipojibu sawa, omba rufaa.

Ukiona mimweko ya ghafla, vumbi jeusi linaloelea, pazia linaloshuka pembeni, au kiza cha ghafla: nenda siku hiyohiyo hospitali yenye daktari bingwa wa macho. Kwa Tanzania, KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Mbeya. Kwa Kenya, Kenyatta na Kikuyu, Moi Eldoret, Sabatia. Kwa Uganda, Mulago, na Ruharo ya Mbarara inayojulikana kwa matibabu ya retinoblastoma. Ulizia kabla ya kusafiri kama mtaalamu wa retina yupo wiki hiyo.

Jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika, mtoto mwenye mboni nyeupe, na jicho lililotobolewa hayasubiri kesho.

Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Kama unatumia matone usiyoyajua, usiyatupe. Njoo na chupa. Tukijua ni steroidi tutapima presha na kukuachisha kwa utaratibu.

Na wewe unayeuza, uwe na duka la dawa, ukurasa wa mtandaoni au jina la uganga: mteja wako hana namna ya kujua kama nyuma ya weupe ule kuna retina nzima au saratani, na wewe huna pia. Usimuuzie. Mwambie akapimwe.